Punda wa Bi Mwanaesha na Teksi ya Mgombea

Bwana Mahfudhi, mwenye teksi zote za kisiwani na mgombea udiwani, alichoka kumwona Bi Mwanaesha akibeba wageni kwa punda wake gatini.

"Wageni wote ni wangu!" alifoka.

"Basi tushindane, mwanangu. Kesho tubebe mgeni mmoja mmoja hadi hotelini. Ukinitangulia, naihama gati. Nikikutangulia, uniache."

Mahfudhi alicheka, akakubali.

Kesho yake alimwacha punda kwenye vumbi. Lakini kila baraza ya njiani ilikuwa imejaa wazee. "Simama, mwanetu, tujuliane hali!" Kura zingepigwa Jumapili, angewapitaje? Akaulizwa habari za mke, watoto, hata kuku.

Alipofika, mgeni wa Bi Mwanaesha alikuwa anamalizia dafu.

"Nani kawatoa wazee wote nje?"

"Mimi, mwanangu. Niliwaambia unapita kuomba kura. Punda wangu hagombei, kwa hiyo hasalimii mtu."