Msiba wa Pipa la Togwa

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakiazimana chumvi, alikuwepo Bi Pimbi, mpika togwa. Jamani, yule mama alikuwa hodari! Mwili wake mdogo kama kiatu, lakini pipa lake la stenlesi, lile lisiloshika kutu, liling'aa hata ndege wakawa wanakuja kujitazama.

Harusi ya binti Swala ilipokaribia, Bwana Kiboko na Bwana Nyati wakamwendea.

"Lete pipa!" akanguruma Kiboko. "Togwa ya harusi tutapika sisi."

"Na wanangu watakula nini?"

"Utajua mwenyewe!"

Wakalibeba, haooo! Bi Pimbi akalia kwelikweli, maana pipa lile ndilo lililowalisha wanawe.

Mabwana wakapika, wakanywa, wakapika tena. Kuosha kwao sasa! Kwaru! Kwaru! Stilwaya nje, stilwaya ndani, pipa likajaa mikwaruzo. Koki ya chini, ile ya kumiminia togwa, hawakuifungua kuiosha hata mara moja. Machicha yakaganda humo, yakaoza, na togwa ikaanza kunuka.

"Ptuu!" Nyati akatema. "Na harusi ndiyo hiyo! Mwite Bi Pimbi."

Bi Pimbi akaja, akanusa koki. Alishajua ni machicha tu, mjanja yule! Akajishika kichwa.

"Uwiii! Majirani, njooni! Wameliua!"

"Pipa linakufaje?" akauliza Kiboko.

"Kwani linanukaje, Bwana?"

Kiboko akanusa, akarudi nyuma. "Linanuka... kama mzoga."

"Basi!"

Majirani wakajaa uani.

"Marehemu huoshwa na ndugu zake," akasema Bi Pimbi huku akifuta machozi. "Na ndugu ndiye atakayelisha watu matangani. Haya, ndugu yake nani? Semeni watu wasikie."

"Ni wako wewe!" wakapayuka wote wawili. "Sisi hata hatumjui!"

"Haya, leteni kuni na maji, msaidieni mfiwa."

Wakakimbia, puu! puu! puu! Wakaleta. Bi Pimbi akajifungia ndani na pipa lake.

Hapo sasa ndipo ungemwona fundi! Akaifungua koki, akatoa kimpira chake, akachokonoa kila tundu kwa mswaki mkuukuu. Machicha yakadondoka, bwata! Akachemsha maji na limau, akasugua kwa dodoki, polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Akasuuza, akalifudikiza likauke. Mikwaruzo ilibaki, lakini harufu yote ikaisha. Nje, mabwana walikuwa wakilia, "Masikini pipaaa!"

Siku ya harusi, togwa ya Bi Pimbi ilikuwa tamu mpaka wazee wakalamba vikombe. Kiboko naye akanywa, akatazama inakotoka.

"He! Si pipa letu hili?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Lenu?" akauliza Mama Swala. "Si mlisema hata hamlijui?"

Bi Pimbi akamjazia Kiboko kikombe kingine, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Bwana Kiboko. Na pole kwa msiba."

Basi wanangu, anayekitunza chombo chake na kutumia akili, mwenye mabavu hamwezi.