Swali la Mlangoni

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huitumia methali hii wakiwaza kuku: mgeni akifika kisu kinanolewa, na watoto wa nyumba waliokula sukuma wiki juma zima wanapata kitoweo. Hiyo ni maana yake ya sufuriani, na haina ubaya. Lakini zipo nyumba zenye ugonjwa usioonwa na wenyewe, na mwenye macho ya kuuona ni yule anayeingia kwa mara ya kwanza. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa Kitengela, na wala haikuwa na kuta.

Naisula, binti wa mfugaji wa Kisaju, alikuwa fundi wa simu na kompyuta mjini Kitengela. Akishika jambo alilishika kama kupe. Alikuwa amechoka kuona Wakenya wakipiga soga katika mitandao mikubwa ya kijamii inayomilikiwa na matajiri wa ng'ambo, ambako matusi hupewa kiti cha mbele kwa sababu yanavuta watu. Kisha akasikia kwamba kuna mitandao ya aina nyingine, isiyo na mmiliki mmoja. Huko kila kundi huendesha seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi mazungumzo yake, na kujitungia sheria zake. Halafu makundi yote huwasiliana, kama maboma yanayotembeleana. Naisula akaazimia kujenga boma la Wakenya wote, akaliita Ukumbi. Seva aliiweka nyuma ya duka lake. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Kiragu, mwalimu wa hesabu, ambaye wazazi wake walihamia Kitengela kutoka Nyeri.

Mlangoni, yaani kwenye ukurasa wa kujiunga, Naisula aliweka maswali: "Jina lako kamili ni nani? Kwenu ni wapi? Watu wako ni akina nani?" Aliyaandika kwa fahari. Nyumbani kwao mgeni hapokewi kwa kimya. Huulizwa habari za kwao na za jamaa zake, na asiyeulizwa hujiona amedharauliwa. Kiragu naye aliyapenda kwa sababu zake, kwamba matapeli huogopa kujieleza.

Miezi ikapita. Watu walibisha hodi, wakasoma maswali, wakaenda zao. Waliobaki ndani ni watu wa Kitengela na Kajiado waliojuana hata kwa majina ya mbwa wao, wakizungumzia bei ya nyasi na msongamano wa barabara ya Namanga. Ukumbi wa taifa ukawa kibaraza cha majirani. Naisula aliumia sana, na kilichomuumiza zaidi ni kutojua kosa lake.

"Tuifunge," Kiragu alimwambia. "Mimi niko na wanafunzi wa mtihani. Siwezi kukaa nikilinda nyumba tupu. Krismasi ikifika kama hakuna watu, tuzime."

"Hatuzimi."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui, mwalimu. Lakini hatuzimi."

Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, ombi liliingia kutoka Magadi. Mwandishi wake alikuwa muuguzi, na alijitambulisha kwa jina moja tu, Lorna. Palipotakiwa majibu mengine aliandika: "Nimebisha hodi, mnaniuliza ukoo. Mkinikaribisha nitawaambia kwa nini wengi wanaishia hapa mlangoni. Mkinikataa, pia ni sawa."

"Huyu ana kiburi," Kiragu alisema. "Achana naye."

Maneno yale yalimchoma Naisula pia. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. Akabonyeza kitufe, Lorna akaingia.

Mgeni huyo hakuzungukazunguka. Aliandika mbele ya wote kwamba alikuwa mtoto wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, na kwamba vijana waliziba barabara wakalisimamisha gari lililombeba yeye na jamaa zake. "Hawakututukana," aliandika. "Walimuuliza baba kwa upole: jina lako kamili ni nani, kwenu ni wapi, watu wako ni akina nani. Baba alijibu ukweli. Tuliendelea na safari bila yeye. Najua nyinyi hamna nia mbaya. Lakini uchaguzi mwingine unakuja, na wako Wakenya wengi ambao wakiona maswali hayo, vidole vinakufa ganzi."

Naisula alisoma, akalia bila kujificha mbele ya wateja. Akafunga duka mchana huohuo na kwenda Kisaju kwa mamake, Nalotuesha. Alimkuta akisuuza mitungi ya maziwa, akamweleza yote.

"Yeiyo, mama yangu, mgeni akifika hapa tunamuuliza watu wake, ama sivyo?"

"Tunamuuliza."

"Basi nimekosea wapi?"

Nalotuesha alifuta mikono kwa shuka. "Tunamuuliza akiwa ameketi. Amesalimiwa, amekunywa maziwa, amepumua. Wewe unawauliza wakiwa nje kwenye jua, na mlango umeushika kwa mkono. Huko si kukaribisha watu. Hiyo ni kazi ya polisi."

Naisula aliporudi Kitengela aliyafuta maswali yale. Badala yake aliandika neno "Karibu" na sheria chache: hapa hatutukani mtu, hatudharau kabila wala dini ya mtu, hatutapeli. Kisha akatangaza kwamba kila anayeingia atapewa mwenyeji wa kumsalimia na kumtembeza. Lorna akawa wa kwanza kuikubali kazi hiyo.

Kiragu alipinga. "Umevunja ua, Naisula. Fisi wataingia."

"Ua uko palepale. Tutamwangalia mtu kwa anachofanya, si kwa alikotoka."

Na fisi hakukawia. Jamaa mmoja mwenye maneno matamu aliingia akiuza ploti za Kisaju ambazo hazikuwa zake. Kiragu alipoona tangazo lile alimtazama Naisula kwa jicho la nilikuambia. Lakini kabla hajasema neno, mwenyeji aliyepewa jamaa yule, mkulima wa Mumias aliyejiunga wiki hiyo, alikuwa amekwisha kumuuliza hati iko wapi. Mwingine wa Lodwar akaitambua picha ya shamba kuwa imeibwa. Kufikia saa sita tapeli alikuwa ametolewa nje. Wageni ndio waliomtoa.

Tangu hapo watu walimiminika. Walikuja wavuvi wa Turkana, walimu wa Kwale, wachuuzi wa Gikomba, hata Wakenya walioko ughaibuni wenye hamu ya kusikia lugha ya nyumbani. Walibishana kuhusu siasa mpaka moshi ukatoka, lakini hakuna aliyeulizwa ukoo ndipo apewe nafasi ya kusema. Desemba ilipofika, habari za kuzima seva hazikutajwa tena na mtu yeyote.

Karibu na Krismasi, Lorna alipata likizo, akapita Kitengela kuwasalimu wenyeji wake. Kiragu alimvutia kiti chake mwenyewe. Naisula akamwandalia chai ya maziwa mengi. Jacinta, muuza nguo wa duka jirani, akachungulia na kunong'ona:

"Huyu ni mtu wa wapi?"

"Wa Magadi."

"Hapana, kwao kabisa. Ni watu gani?"

Naisula alifungua kinywa ajibu, akagundua kwamba hajui. Walikuwa wakizungumza karibu kila siku, na jambo hilo halikuwahi kumjia akilini. "Sijamuuliza," alisema.

Lorna alikuwa amesikia. Akamaliza chai yake pole pole, akaweka kikombe chini. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akataja jina kamili la babake, na la babu yake, na kijiji walikotoka. Hakuruka neno. Kiragu alivua kofia. Naisula alimshika mkono, na hapo ndipo alipojua kwamba mwanamke huyu aliyekuja kama mgeni ndiye aliyeiokoa nyumba ile waliyoijenga wao na kukaribia kuiua kwa mikono yao wenyewe. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.