Mguu Ulioandikwa Viatu

Mwanamke mmoja alikuwa na mume aliyekatwa mguu. Mwanamke aliitwa Subilaga, na mume wake Ambilikile, nao waliishi kwenye miteremko ya Rungwe, mahali ambapo chai hupandwa hadi ukingoni mwa barabara. Mguu ule ulikatwa juu ya goti, baada ya trekta la kubebea majani kupinduka naye kwenye kona yenye utelezi. Kidonda kilipona. Lakini mchuma chai hufanya kazi kwa mikono miwili, na magongo humnyang'anya mtu mikono yote miwili. Kwa hiyo Ambilikile, aliyekuwa akitangulia mbele ya wachumaji wote, akawa mtu wa kukaa barazani akichambua maharage, na kila gari la majani lilipopita alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Kwenye hospitali ya mkoa palikuwa na fundi wa viungo bandia. Alimpima Ambilikile, akamtengenezea kikombe cha kushika kisiki cha mguu, kisha akasema ukweli wake. Goti alilokuwa nalo pale lilifaa sakafu na barabara tambarare. Kwenye mteremko lingemwangusha. Goti la kupanda na kushuka milima lilikuwa likiuzwa ng'ambo, na aliwaonyesha duka lenyewe kwenye simu yake. Akawaandikia na barua, akaipiga muhuri: goti hili ni la mgonjwa fulani, aliyekatwa mguu tarehe fulani. "Mama, itunze," akamwambia Subilaga. "Ina kazi yake."

Walikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Subilaga akamuuza, akaagiza goti. Muuzaji wa ng'ambo alipokea malipo siku ile ile, akarudisha swali moja tu: mzigo wako nimkabidhi nani akuletee?

Swali hilo lilimpeleka Subilaga mjini. Akaingia kwanza katika ofisi moja ya wasafirishaji, ofisi ya siku nyingi, yenye kaunta ya mbao na binti mmoja mwenye miwani. Binti akamuuliza mzigo ni kitu gani. Akamuuliza umenunuliwa kiasi gani, ni wa nani, na kama una karatasi yoyote. Yalikuwa maswali ya kawaida, na yaliulizwa kwa adabu. Lakini Subilaga alikuwa ametoka kwenye miaka miwili ya madirisha. Dirisha la hospitali, dirisha la fidia, dirisha la kijiji: kote aliulizwa, akajibu, akaambiwa aje kesho. Akahisi ulimi wake unakuwa mzito.

"Na ushuru je, mwanangu?"

"Ushuru hukadiriwa mpakani, mama. Siwezi kukuahidi kitu nisichokijua. Nipe karatasi ulizo nazo tuzitazame pamoja."

Subilaga alisikia sehemu ya kwanza, ya mwisho hakuisikia. Barua ya fundi ilikuwa ndani ya mkoba wake, chini ya kiganja chake. Hakuitoa. Akaaga, akasema atarudi.

Mtaa wa pili alikuwapo mtu aitwaye Zablon, naye alisifiwa na wengi. Alimvutia kiti, akamfungulia soda. Alipima mizigo kwa kilo, na bei yake ilikuwa moja. "Kwangu huulizwi kitu, dada yangu," akasema. "Ushuru umo humo humo. Mpakani wananijua. Wewe subiri simu yangu tu."

Subilaga akamlipa, akamwandikia muuzaji kwamba mzigo akabidhiwe Zablon. Siku nyingi baadaye alikiri kwamba hakuvutwa na bei. Alivutwa na neno lile, huulizwi. Mtu aliyechoka kuulizwa humpenda upesi yule asiyeuliza.

Jioni hiyo Ambilikile alitaka kujua mzigo umeandikishwa kwa jina gani.

"Hakuniuliza," akasema mkewe.

Ambilikile akaendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Mtu anayebeba kitu bila kukijua jina, kikipotea atakiitaje?"

Subilaga akakasirika. Akamjibu kwamba aliyekaa barazani asimfundishe kazi aliyezunguka mjini kwa miguu. Neno likamtoka, miguu, naye akainuka akaenda kuwasha moto wa jioni.

Zablon alipiga simu mwezi wa kwanza, akasema mzigo uko njiani. Mwezi wa pili akasema umefika bandari ya nchi jirani. Mwezi wa tatu akasema uko mpakani, ni suala la siku mbili. Masika yakaingia, chai ikachipua, wachumaji wakapita asubuhi na makapu mgongoni wakimsalimu Ambilikile kwa sauti za huruma ambazo yeye alizichukia. Simu ya Zablon ikawa haipatikani. Subilaga alipokwenda mjini alikuta duka limefungwa kwa kufuli mbili, na watu kama kumi wamesimama mbele yake, kila mmoja na simu sikioni. Pale ndipo aliposikia habari. Lori la Zablon lilikuwa limezuiwa mpakani. Karatasi zilisema hivi, na mizigo ilisema vile. Wenye mali walipewa siku thelathini kwenda kuitambua, na kisichotambuliwa kingepigwa mnada.

Akasafiri. Ghala la forodha lilikuwa jengo refu la mabati, na ndani yake maboksi ya lori lile yalikuwa yamepangwa kwa mistari. Afisa alikuwa mama wa makamo, mwenye orodha mkononi. Kila mtu alionyesha boksi lake, na afisa akamsomea kilichoandikwa juu yake, akauliza swali lile lile. Mbele ya Subilaga alisimama fundi cherehani mmoja wa mjini, mtu anayefahamika, aliyeagiza mashine ya kudarizi. Zablon alikuwa ameiandika masufuria.

"Masufuria haya ni yako?" afisa akauliza.

Yule fundi akatazama boksi. Akatazama karatasi. Akamtazama askari aliyesimama mlangoni. Miaka minne alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya mashine ile.

"Si yangu," akasema, akatoka nje. Kupitia mlango uliokuwa wazi Subilaga alimwona akikaa juu ya jiwe, kofia mapajani, akitazama malori yanayopita.

Hakuwa peke yake. Tangu asubuhi wengi walikuwa wamefika kwenye mali zao, wakazitazama, wakazikana. Wengine waliogopa faini, wengine jela, wengine aibu tu.

Zamu yake ikafika. Alilitambua boksi lake kwa nembo ya duka la ng'ambo; lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, na pembe moja ilikuwa imelowana. Afisa akasoma: "Viatu vya mtumba, jozi moja. Ni vyako, mama?"

Hapo ndipo Subilaga alipoona mtego aliotegewa na ule ukimya wake mwenyewe. Akisema ndiyo, ametia sahihi yake chini ya uongo wa mtu mwingine. Akisema hapana, ng'ombe amekwenda, na goti litauzwa kwa kelele kwa mtu asiyejua hata ni kitu gani. Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwa miaka miwili alikuwa akisema mume wangu anaumwa. Mume wangu amepumzika. Mbele ya wageni hakuwahi kutamka kwamba Ambilikile hana mguu, kana kwamba neno hilo ndilo lingeukata mara ya pili.

Afisa akauliza tena, "Viatu hivi ni vyako?"

"Si viatu," akasema Subilaga. "Ni mguu wa mume wangu."

Watu waliokuwa nyuma yake wakanyamaza. Afisa akaweka orodha chini, akaagiza boksi lifunguliwe. Ndani ya sponji lilikuwamo goti la chuma linalong'aa. Afisa akalishika kwa mikono miwili, akalikunja taratibu, akalinyoosha. Akauliza kama kuna karatasi yoyote. Subilaga akatoa barua ya fundi kwenye mkoba, ile ile, na mikunjo yake. Afisa akaisoma mara mbili.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "kifaa cha mtu mwenye ulemavu hakitozwi ushuru. Kina mlango wake hapa. Ungekiita kwa jina lake na kuonyesha barua hii, kingepita bila wewe kulipa hata shilingi."

Subilaga akakaa juu ya boksi la mtu mwingine. Hakulia. Alikuwa akimwona binti mwenye miwani amenyoosha mkono juu ya kaunta, akiomba karatasi.

Hakukabidhiwa goti siku ile. Kukiri hakufuti kilichoandikwa. Lori lilikuwa kielelezo cha kesi ya Zablon, na kila boksi lililosema uongo lilibaki mpaka kesi iishe. Aliandika maelezo yake kwa mkono wake, akieleza alivyompa mzigo mtu asiyemuuliza kitu, na jinsi jambo hilo lilivyompendeza. Alilipa faini kwa vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Afisa, kabla hajamruhusu aondoke, alichukua kalamu akakata neno viatu, akaandika pembeni: goti bandia, mali ya Ambilikile. Hilo ndilo pekee alilopata Subilaga siku ile, naye alilitazama muda mrefu.

Nyumbani alimweleza mumewe yote akiwa amesimama. Hakumwekea Zablon lawama zote, ingawa zilimstahili nyingi. Ambilikile alisikiliza hadi mwisho. Siku hiyo hakula, na kesho yake hakusema naye. Siku ya tatu akamwita barazani, akamsogezea kiti.

"Ulisema mbele ya watu kwamba sina mguu?"

"Nilisema."

"Wakafanyaje?"

"Walinyamaza. Halafu yule mama akalikunja goti, akalinyoosha."

"Basi na mimi nitaacha kutafuta vitu chini ya kiti," akasema Ambilikile. Gari la majani lilipopita jioni ile, aliwapungia mkono waliokuwa juu yake.

Goti lilitolewa baada ya masika kwisha. Kisiki kilikuwa kimesinyaa kwa kungoja, ikabidi kikombe kitengenezwe upya, na msimu mzima wa chai ulikuwa umepotea. Mwaka uliofuata Ambilikile alirudi shambani. Hakutangulia tena mbele ya wachumaji. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari, akishuka mteremko kwa hatua za kupima, kapu mgongoni, mikono yote miwili ndani ya majani. Mashine ya kudarizi ilipigwa mnada. Yule fundi cherehani hajui mpaka leo ingelipiwa ushuru kiasi gani, kwa sababu hakumuuliza mtu, wala hakutaka mtu amuulize.

Sisemi kwamba kila mzigo hupita bure. Mingine hulipiwa, na ni haki ilipiwe. Lakini hakuna ajuaye upi utadaiwa na upi utasamehewa kabla hajafungua kinywa akautaja. Boksi lile kila mmoja wetu analo: kosa, ugonjwa, huzuni ya nyumbani, jambo tulilolipa jina jingine ili lipite. Na siku zote yupo wa kutubebea, wa maneno laini, asiyeuliza kitu.

Ninyi mnaonisikia, ni kitu gani mmekiandika jina la uongo kwa kuogopa lango ambalo hamjawahi hata kulibishia hodi?