Chura Aliyekimbilia Kileleni

Sogeeni, ninyi mnaopenda kuamua kesi za watu. Hii ina watu watatu: Nakijwa, mkata majani ya ng'ombe, mwenye masikio makali, Mzee Eliamini, mwalimu mstaafu, mwenye subira, na Daktari Namsifu, mtafiti wa viumbe, mwenye hesabu.

Namsifu alikuwa akimtafuta chura mdogo wa Mlima Ikongwe, huko Upare, ambaye wataalamu walikuwa hawajampa jina. Misimu mitatu alizunguka kijito cha chini, alikowahi kuonekana zamani, asipate hata kiluwiluwi. Akaanza kuandika kwamba chura ametoweka. Siku hiyo alilia.

Nakijwa akapita na mzigo wake wa majani, akasikilizishwa mlio wa chura huyo uliorekodiwa zamani.

"Huyu? Mbona tunaye kule juu kwenye ukungu, Daktari! Huku chini aliacha kulia tangu nina mimba ya kwanza."

Akampeleka. Karibu na kilele walihesabu vyura kumi na tisa. Bila Nakijwa, chura angeandikwa marehemu angali hai.

Mzee Eliamini aliachiwa kipimajoto na wageni fulani waliokuja shuleni, wakaondoka. Hakuna aliyemwambia aache, basi akapima kila asubuhi kwa miaka thelathini na sita, hata asubuhi ya kumzika mkewe. Majirani walimwita Bwana Baridi. Madaftari yake yalionyesha joto likiongezeka mwaka hadi mwaka, na chura akilikimbia kwa kupanda mlima. Bila yeye, nani angejua anachokimbia?

Namsifu akapiga hesabu. Baada ya miaka kumi tu joto hilo lingefika kileleni, na juu ya kilele hakuna pa kwenda. Katika milima yote jirani, Mlima Tona peke yake ungebaki na ubaridi. Akahangaikia kibali miaka miwili, akawahamishia vyura huko wakiwa ndani ya kuvumwani mbichi, ile mimea laini ya kijani iotayo kwenye mawe yenye unyevu. Mvua za pili, wakalia Tona. Ikongwe kukawa kimya.

Baraza la wataalamu likaleta fomu: chura apewe jina la aliyemwokoa, mtu mmoja. Wote watatu wakakutana uani kwa Nakijwa.

"Mimi niliwaonyesha, mkamchukua," alisema Nakijwa. "Akiitwa jina langu, angalau kitu chake kitabaki kwetu."

"Mwanangu, nimechekwa miaka yote hiyo," alisema Mzee Eliamini. "Nataka wajukuu wajue sikuwa na kichaa."

Namsifu alitaka kusema jambo la kiungwana, likakataa kutoka.

"Hata mimi nataka aitwe jina langu," alisema. "Bila hesabu zangu mngemsikia na kumpima mpaka amalizike."

Nafasi kwenye fomu ilikuwa ya jina moja, na fomu ilitakiwa kurudi siku ileile.

Haya, kalamu hiyo. Je, wewe ungeandika jina la nani, na hao wawili ungewaambia nini?