Turubai Lisilofungwa

Mwiba ni kitu kidogo. Anayeuchomoa mapema huendelea na safari yake. Anayeucheka hulala nao, na asubuhi mguu hauingii kiatuni. Hezekiah Kosgei alilijua hilo mwaka wa 1957, katika shamba la ngano karibu na Njoro.

Mwaka huo viwavi jeshi waliivamia ngano kama moto wa nyika, hata mwenye shamba akakodi helikopta ije kunyunyiza dawa. Kosgei, mtu wa maneno mengi na kifua mbele, alipewa bendera nyekundu na kazi ya kumwongoza rubani: ahakikishe uwanja ni safi, kisha ampungie aje. Tangu hapo alitembea kama jogoo aliyeachiwa boma zima.

Asubuhi moja Jelagat, mama aliyekoroga dawa kwenye mapipa, alimwita.

"Kosgei, lile turubai la kufunikia magunia halijafungwa. Liwekee mawe, ndugu yangu."

"Turubai?" Kosgei aliangua kicheko. "Mama, ndege inayobeba watu na dawa itashindwa na kitambaa?"

"Upepo wake unaangusha hata watu."

"Wewe koroga dawa yako!"

Vibarua wakacheka pamoja naye. Kosgei akafurahia kicheko chao, akageuka, akapunga bendera.

Helikopta ilikuwa upande wa pili wa uwanja, ikitiwa mafuta. Iliinuka kimo cha mtu, ikaja polepole juu ya nyasi kuelekea mapipa. Upepo wa mapanga yake ukapenya chini ya turubai. Likafura kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, likaruka, likanaswa kwenye mapanga. Helikopta ikainama. Panga moja likachimba udongo, likavunjika vipande vipande, na ndege yote ikaanguka ubavu kwa kishindo.

Kosgei alikimbia, akamvuta nje rubani, Mzungu kijana, mguu wake umevunjika. Kando ya mapipa Jelagat alikuwa ameketi chini, ameukumbatia mkono wake. Kipande cha panga kilikuwa kimemvunja juu ya kiwiko.

Majeruhi wote wawili walipakiwa kwenye lori la shamba wapelekwe Nakuru, na Kosgei akapanda nao. Njiani rubani akafumbua macho.

"Kosgei, wewe natoa mimi. Asante sana," alisema kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Hii makosa yangu. Mimi nakuja chini sana."

Laiti angemtukana! Kosgei alimtazama Jelagat, naye Jelagat alikuwa akimtazama. Ulimi wa Kosgei ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Hapana, bwana. Si wewe. Turubai halikufungwa. Huyu mama aliniambia, nami nikamcheka."

Rubani alifumba macho. Lori likaruka shimoni. Jelagat akauma mdomo kwa maumivu, kisha akasema taratibu, "Shika kichwa chake vizuri. Barabara ni mbaya."

Kosgei alikishika kile kichwa kwa mikono yote miwili, na hadi Nakuru hakuthubutu kuinua uso.

Mkono wa Jelagat uliunga ukiwa umepinda. Kila msimu wa palizi, Kosgei alipomwona akihangaika na jembe, alipitia njia ya mbali, uso umemwiva kwa aibu. Alikuwa amejifunza pia jambo ambalo wengi hulisahau: uvimbe wa mwiba uliodharauliwa unaweza kuota mguuni mwa mwenzio. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.