Ufunguo wa Orodha ya Damu

Sogeeni, ila msikae karibu mno. Hadithi hii inataka kila mtu amtazame jirani yake kwa pembeni kidogo. Mimi nilikuwepo, nawapenda wote watatu nitakaowataja, na hadi leo siwaamini.

Nilikuwa mapokezi katika ofisi moja pale Iringa. Kazi yetu ilikuwa kutunza orodha ya watu wenye damu adimu, wale waliokubali kupigiwa simu wakati wowote mgonjwa anapozidiwa. Orodha yenyewe haikukaa kwenye kompyuta zetu. Ilikaa kwenye seva za kampuni tatu, katika nchi tatu, na kampuni ya nne tuliikodi iziangalie zote. Ukiandika jina huku, linaandikwa kote kufumba na kufumbua. Seva za kampuni moja zikizimika, za wenzake zinaendelea. Tulijisifu, mbona!

Wasimamizi walikuwa watatu. Atupele alikuwa na jicho: hata koma ikihama mahali pake, aliiona. Kikoti alikuwa na wasiwasi: mashine ikimwambia kila kitu ni salama, ndipo anapoanza kukagua. Na Mzee Mahundi alikuwa na kichwa, kwani ndiye aliyeijenga orodha na alijua kila mlango wake. Huyu alikuwa amestaafishwa miezi mitatu kabla ya mkasa huu, na hakufurahi hata kidogo.

Sasa sikieni kosa letu. Wote watatu waliingia kwa akaunti moja iliyoitwa Msimamizi, kwa nenosiri moja. Mzee alipoondoka, hakuna aliyethubutu kulibadilisha. Eti mzee atajisikiaje? Ataona tumemfungia mlango. Basi tukaliacha vilevile, kwa heshima.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu ikalia kutoka hospitali ya Njombe. Mshonaji mmoja, Otilia, alikuwa anajifungua na damu haikatiki. Damu yake ni ile adimu kuliko zote. Muuguzi alikuwa ameitafuta kwenye orodha yetu.

"Dada, mbona hamna kitu?" aliniuliza. "Orodha nzima ni tupu."

Nikakimbia ndani. Kweli, tupu. Seva za kampuni zote tatu, tupu. Amri ya kufuta ilitolewa kwenye seva moja, nyingine zikatii papo hapo, maana ndivyo zilivyofundishwa. Tukaipigia ile kampuni ya nne. Wakasema amri ilitoka jengo letu, kwa akaunti ya Msimamizi, na kwa usalama wameshaifunga akaunti hiyo. Nakala ya jana ipo, ila kuirudisha ni kazi ya saa nne nzima.

"Saa nne hana," alisema Daktari Ngimbudzi, mama aliyekuwa mkuu wetu. "Ana saa mbili, Mungu akipenda."

Hapo Atupele akasimama. Akasema ana chombo kidogo alichokitega, kinachoandika kila amri inayopita na dakika yake. Hakuna aliyemtuma kukitega. Kwa miezi mitano alikuwa anatuchunguza bila sisi kujua. Alikifungua, akasoma: orodha imefutwa saa tatu na dakika arobaini.

"Nani kafuta?" aliuliza Daktari.

"Msimamizi."

"Msimamizi yupi, Atupele?"

"Kinaandika akaunti, Daktari. Mtu hakimwandiki." Na macho yake akayapeleka dirishani.

Kikoti naye akasimama, jasho linamtoka. Akasema ipo nakala ya nne. Aliitengeneza kwa siri, akaiamuru ichelewe saa moja nyuma ya nyingine, ili makosa yasiifikie mara moja. Tulikuwa tumewaahidi wachangia damu kwamba majina yao hayatakaa mahali pengine popote. Yeye akayaweka, na simu zao, akanyamaza. Mwaka jana aliomba nakala hiyo kwenye kikao, tukamcheka.

"Ilifutwa tatu na arobaini?" alisema. "Basi kwangu itafutika nne na arobaini. Bila dakika hiyo ya Atupele ningeendelea kujiuliza nikiri au nisikiri." Saa ya ukutani ilionyesha nne na ishirini na tano. "Lakini nayo inafunguliwa kwa akaunti ya Msimamizi, na wameifunga. Siwezi kuingia."

Nani yuko pale mapokezi muda wote huo? Mzee Mahundi! Alikuwa amekuja kufuatilia barua yake ya kustaafu. Siku hiyohiyo, jamani, tangu saa tatu na nusu, kakaa na simu yake mkononi, na mimi ndiye niliyemtilia chai. Aliposikia, akaingia polepole, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pochi.

"Huu ni ufunguo wa dharura," alisema. "Unafungua hata walipofunga."

"Mzee wangu," alisema Daktari, "si uliapa mbele yangu kwamba umeuchana?"

"Niliapa, mwanangu. Nipishe nikae."

Akakaa. Akauandika ufunguo kutoka kwenye karatasi, hakukosea hata herufi. Saa nne na dakika thelathini na sita majina yakatokea. Damu ile ilikuwa na watu kumi na mmoja nchi nzima, na mmoja wao alikuwa mwalimu Makambako, karibu kabisa na Njombe. Nikampigia mimi. Alitoka darasani na vumbi la chaki mikononi, akapanda pikipiki hadi stendi, na basi hadi Njombe. Otilia akapona, na mtoto wake wa kike akapona. Tulilia wote, na Kikoti ndiye aliyelia kwa sauti.

Machozi yalipokauka, tukaanza kutazamana.

Nenosiri lilijulikana na watu watatu tu, na wote walikuwemo jengoni. Atupele siku zote alidai tunalindwa vibaya, na siku hiyo ikamthibitisha. Kikoti tulimcheka, na siku hiyo ikamsafisha. Mzee tulimwona wa kazi gani tena, na siku hiyo tukamwita mkombozi. Labda kidole kiliteleza tu. Labda. Lakini anayeteleza husema "nimeteleza", na hakuna aliyesema.

Daktari Ngimbudzi akaua akaunti ya Msimamizi. Akaamua kuanzia sasa ufunguo uwe mmoja na mshikaji awe mmoja, na jina lake liandikwe kwenye kila amri. Akauandika kwenye karatasi, akautia ndani ya bahasha. Mmoja atapewa, wawili hawataigusa orodha tena. Akawaita wote watatu, akamwita na Otilia, alipopata nguvu.

Otilia alikuja na mtoto mgongoni. Akamshika mkono kila mmoja, akamshukuru kila mmoja kwa jina. Bila yule wa dakika, asingekuwepo. Bila yule wa nakala, asingekuwepo. Bila yule wa karatasi, asingekuwepo. Kisha akamgeukia Daktari.

"Mama, daktari wa Njombe kasema bado sijapona. Baada ya miezi miwili narudi mezani kupasuliwa, na nitahitaji damu ileile. Hawa wote wameniokoa, na mmoja wao nusura aniue. Sitaki kujua ni nani, maana nitashindwa kushukuru. Nataka kujua kitu kimoja: siku nitakapolala pale, ufunguo atakuwa nao nani?"

Daktari akaitazama bahasha. Akanitazama mimi, nami nikainama.

Haya, nyie mlionisikiliza. Bahasha hii hapa mkononi mwako, na Otilia anakutazama, mtoto mgongoni. Mmoja anachunguza wenzake kwa siri. Mmoja alivunja ahadi tuliyowapa watu. Mmoja aliapa uongo. Je, wewe ungemkabidhi nani?