Yungiyungi Lisilofumba

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso.

Hapo kale, pembeni mwa kinamasi, walikaa ndugu wawili, Mishi na mdogo wake Kibibi. Mama yao aliwakataza kuchuma mayungiyungi, yale maua ya buluu yanayoelea majini, kwa sababu yalikuwa na mwenyewe, zimwi.

Siku moja Kibibi akachuma moja. Basi zimwi likaibuka, likampulizia, naye akageuka yungiyungi katikati ya mayungiyungi.

Mishi alipokuja kumtafuta hakuona mtu. Aliona maua tu, yote ya buluu, yote yamefumbuka, yote sawasawa.

"Nduguyo yumo humo," likasema zimwi. "Chuma moja tu. Ukimpata, mwende zenu. Ukikosea, nawala nyote wawili. Na jua likizama hujachuma, nawala vilevile."

Mishi akatazama maua, akatazama jua, akatazama zimwi. Nywele za zimwi zilikuwa kama kiota cha kunguru.

"Babu," akasema, "utakula wageni na kichwa hicho? Kaa nikusuke."

Zimwi likajishika kichwa. "Kwani kibaya?"

"Hata vyura wanakikimbia."

Basi likakaa. Mishi akasuka polepole, macho yake yako majini, anatafuta dalili.

Upande mmoja haujaisha, zimwi likainuka. "Chuma sasa."

"Kaa, babu. Kichwa nusu hakitembei."

Likakaa. Punde likainuka tena. "Chuma sasa, njaa inaniuma."

"Kaa, babu. Kichwa nusu hakitembei."

Likakaa. Likainuka mara ya tatu. "Mjukuu wangu, unanivuta."

"Kaa, babu. Kichwa nusu hakitembei."

Likakaa, maana hata zimwi lina haya zake.

Alasiri ikafika. Jua lilipopoa, mayungiyungi yakaanza kufumba, kama yafanyavyo kila siku. Moja likafumba, la pili likafumba, kinamasi kizima kikafumba. Likabaki moja tu. Linasinzia, linafumbuka. Linasinzia, linafumbuka.

Hapo Mishi akajua. Kibibi hakuwahi kulala kabla dada yake hajapanda kitandani. Hata akiwa na homa, atamngoja.

Akaingia majini mpaka kiunoni, akalichuma.

Mara akajikuta ameshika mkono, umelowa, una baridi.

"Dada, umechelewa," akasema Kibibi. "Macho yananiuma."

Zimwi likanuna. "Nendeni. Neno nimeshalitoa."

Mishi akambeba mdogo wake mgongoni, na kabla hawajatoka kwenye matope, mtoto alikuwa keshalala fofofo.

Hadithi yangu imeishia hapo, aliyeisikia ampe mwenzake. Sura hufanana, umpendaye mjue kwa mazoea yake.